Tume ya Maoni Sahihi na Pazia la Maman Nsimire

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya wakubwa wangu, napenda kuwatangazia wakazi wote wa Karambira kwamba utamu wa chakula si jambo la mtu binafsi tena. Umehamishiwa ofisini.

Mimi naitwa Christophe-Aimé, Katibu wa Tume ya Maoni Sahihi kuhusu Vyakula Vinavyoliwa Nje ya Nyumba. Tume hii ina wajumbe watatu, muhuri mmoja, na dira. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mkazi anapoingia mgahawani anajua mapema atafurahia nini na kwa kiasi gani. Zamani watu walikuwa wakila kwanza, halafu ndipo wanatoa maoni. Utaratibu huo ulileta fujo kubwa, kama nitakavyoeleza.

Karambira ni kitongoji cha pembeni, pale mji wa Kamembe unapoishiwa, na barabara ya Giheke inapoanza kujitegemea. Hatuna benki, hatuna hoteli, lakini kwa migahawa hatumwonei mtu wivu. Kuna Chez Jules Prestige, yenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, ambako kwa bei moja unapewa sahani na kuruhusiwa kupakua mara moja tu, wali, viazi, ndizi, maharage, makaroni, kabichi, vyote juu ya kimoja, hadi pale ujuzi wako wa ujenzi utakapokomea. Kuna kwa Ridhwani, anayeuza chai ya maziwa na chapati. Na kuna kwa Maman Nsimire, mama wa kutoka Bukavu, anayepika sombe ya majani ya muhogo na sambaza, vidagaa vya ziwani, na bugali. Watu wanapaita Ku Rido, kwa sababu ya pazia kubwa la maua linalokata chumba chake katikati.

Fujo ililetwa na mkazi mmoja, Mzee Cubaka, fundi wa kushona viti vya magari ambaye siku hizi anashona kidogo na kula sana. Kila mchana alikuwa akila mahali tofauti. Akimaliza, anakwenda njia panda wanapoegesha wamotari wa pikipiki, anapangusa midomo, na kutoa maoni yake. Hakuwa na cheo chochote, wala hakutumwa na mtu. Alikuwa na ulimi tu, na ulimi huo, nasikitika kusema, ulikuwa ukisikilizwa.

Kuhusu Ridhwani alisema, "Chai yake iko muzuri sana. Lakini ile chapati, ukiiangusha, angalia vidole ya miguu."

Ridhwani alicheka hadi akakaa chini, na kesho yake chapati zikawa laini. Ninaona huko kulikuwa kukosa msimamo.

Kuhusu Maman Nsimire alisema, "Sombe yake ilinikumbusha mama yangu. Na mama yangu hakujuaka kupika. Sasa mujiulize ni muujiza gani."

Kuhusu Chez Jules Prestige alitafuta haki kwanza. Halafu akasema, "Nyama iko. Siwezi kusema uongo, nyama iko. Lakini iko na haya. Inajificha chini ya viazi, muntu anaitafuta mpaka anatoka jasho, na akiikuta, inakuwa imezeeka."

Wiki hiyohiyo viti vya Jules vilibaki na vitambaa vyao tu. Jules ni mtu mwenye machozi ya karibu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Védaste, ambaye ni mkubwa wa ofisi yetu na ambaye, kwa sadfa isiyohusiana kabisa na jambo hili, dada yake ameolewa na Jules.

"Muramu," Jules alisema, "huyu mzee ataniua na tumbo lake."

Hivyo ndivyo Tume ilivyozaliwa. Bwana Védaste akawa Mwenyekiti. Bi Mutoni, ambaye ofisini anashughulikia mitaro na mandhari, akawa Mjumbe wa Mandhari. Mimi nikawa Katibu. Mzee Cubaka tukamwita na kumweleza kwamba kuanzia siku ile maoni yake yote ayalete kwanza ofisini yaoanishwe.

"Yakishaoana, yatanirudilia?" aliuliza.

"Yatarudi yakiwa sahihi," Mwenyekiti alimjibu.

Mzee alitii. Mchana uliofuata alikula kwa Jules, akaenda njia panda, akasimama kimya kabisa. Akapangusa midomo. Akaangalia upande wa kwa Jules, akavuta pumzi, akafumba macho kama mtu aliyepata habari za msiba wa mbali. Wamotari wote wakageuza pikipiki kuelekea kwa Ridhwani. Tulirudi kwenye sheria yetu tukaikagua mstari kwa mstari, na tukagundua kwamba hatukuwa tumesema lolote kuhusu nyuso.

Basi ilibidi Tume itoe maoni yake haraka. Na hapa ndipo lazima nieleze jambo la malezi, ili msomaji asiyetoka kwetu asituhukumu vibaya.

Bwana Védaste ni imfura, mtoto wa nyumba yenye heshima, aliyelelewa kizamani. Mtu wa namna hiyo hali mbele za watu. Kunywa, sawa, kinywaji kinaleta jamii pamoja. Lakini kufungua mdomo hadharani, kutia kitu ndani na kutafuna huku watu wakikuangalia, hayo ni mambo ya watoto na ya wenzetu wa ng'ambo ya daraja, upande wa Bukavu. Baba yake Bwana Védaste aliishi hadi uzee mkubwa, akazikwa, na hakuna jirani aliyewahi kuona meno yake. Bi Mutoni naye ni hivyohivyo. Mimi nililelewa Bukavu, ambako watu hula huku wakipungia wapita njia, lakini nilipopanda cheo nilipanda na haya zake.

Kwa hiyo Tume iliundwa na watu watatu ambao hawawezi kuonekana wakila, na ikapewa kazi ya kupima chakula cha mahali pa watu wengi. Wengine wangeona hapo kikwazo. Mwenyekiti aliona hapo uhuru. Aliiita Tathmini Isiyo ya Mdomo.

Tulianza kwa Jules. Tulipokewa kwa Fanta na mirija. Bi Mutoni alikagua mikunjo ya vitambaa vya viti. Mwenyekiti alisimama mbele ya masufuria, mikono nyuma, akapima kwa macho mvuke unaelekea wapi. Mimi nilikuwa na rula ya ofisi, kwa ajili ya mwinuko wa sahani. Nilimfuata motari mmoja aliyekuwa amejenga kitu kirefu sana, viazi pembeni kama ukuta, wali ndani.

"Chef, tafadhali usiguse," alininong'oneza bila kugeuza shingo. "Ikianguka siwezi kupakua tena."

Jules alitubembeleza. "Muonje hata kidogo. Kijiko kimoja."

"Nimekula nyumbani," alisema Mwenyekiti.

"Na mimi pia," alisema Bi Mutoni.

Wakati huohuo tumbo langu lilinguruma. Tulikubaliana kwamba ni lori linapandisha kutoka Kamembe.

Mzee Cubaka alikuwa amekaa pembeni na sahani yake, akitutazama kwa huruma. "Président," alisema, "mutajua chakula iko tamu namna gani bila kuitia mu kinywa?"

"Mzee," Mwenyekiti alimjibu kwa upole, "hakimu haibi kwanza ndipo amhukumu mwizi."

Mzee alitafuna jibu hilo muda mrefu. "Kumbe kula ni wizi," alisema mwishowe. "Miaka hii yote, mimi nilikuwa jambazi."

Chez Jules Prestige ilipata Daraja la Kwanza kwa mikunjo, mvuke na mwinuko. Ridhwani alipata Daraja la Pili, kwa sababu mvuke wa chai hauna mwelekeo wa kuaminika. Baadaye tukaenda Ku Rido.

Sasa, niseme wazi kwamba mahali hapo nilikuwa napafahamu kidogo. Mbele ya pazia kuna benchi na meza ambazo kwa kawaida hukaa tupu au na watu wachache. Nyuma ya pazia kuna vijumba vidogo vilivyotenganishwa kwa vitenge, kila kimoja na kigoda chake, na mlango wa nyuma unaotazama mgombani. Mtu mwenye heshima zake anaweza kupita mgombani, akakohoa, Maman Nsimire akamwelekeza kijumba chake, akala hadi akatosheka, akaondoka bila kuona wala kuonwa. Mimi binafsi nilikuwa nikifika pale kwa ajili ya uchunguzi wa awali, uliochukua miaka kadhaa. Ofisini nilikuwa nikiaga kwamba nakwenda kupiga fotokopi. Bi Mutoni saa hizo alikuwa na mazoea ya kwenda kukagua mitaro, na Mwenyekiti alikuwa na mazoea ya kuwasiliana na ngazi ya juu. Siku nyingi kwenye kijumba cha jirani alikaa mtu mwenye kikohozi kinachofanana sana na cha Mwenyekiti. Sikuwahi kufikia hitimisho lolote. Katibu hafikii hitimisho bila kikao.

Maman Nsimire alitupokea mbele ya pazia, ametia kitambaa kichwani, mikono imelowa. Ni mwanamke mnene, mtulivu, ambaye uso wake haujawahi kusema jambo ambalo mdomo wake haukuliruhusu. Alitusalimia wote watatu kana kwamba anatuona kwa mara ya kwanza maishani. Nilivutiwa na utaalamu huo.

"Mama," Mwenyekiti alianza, akiangalia dari, "Tume imebaini kwamba shughuli yako ina pazia."

"Iko nayo, Nyakubahwa."

"Pazia linazuia uwazi. Wananchi wana haki ya kujua nani anakula nini. Utaliondoa kabla ya Ijumaa, mchana, mbele ya watu. Usipoliondoa tutafunga."

Maman Nsimire alifuta mikono kwenye kitenge chake, kidole kimoja kimoja.

"Président, mufikiri muzuri," alisema. "Ile rido haiko ya mapambo. Bale banakulaka kule nyuma, njo bananikulisha. Kwa benchi hapa mbele batu habaingiaka, banasemaka ni pa bakubwa. Nikitoa rido, bale bangu habatarudia. Nikiacha, munafunga. Hii jiko imesomesha batoto bangu, na mudogo angali mu masomo. Sasa muniambie, nipitie wapi?"

"Hao walaji wa nyuma ni akina nani?" Mwenyekiti aliuliza. Nilipenda ujasiri wake.

"Sijuake," alisema Maman Nsimire. "Mimi nauzishaka bugali, na kunyamaza. Kunyamaza sizidishiake bei."

Chumba kilinukia sombe. Ilikuwa saa zile za mchana. Kwenye sufuria sambaza walikuwa wakichemka taratibu na nyanya na vitunguu, na nakumbuka nilimwonea uchungu yule mama, uchungu wa kweli, ambao niliuhifadhi mahali pasipoonekana.

Tulirudi ofisini kupiga kura. Msomaji atajiuliza kwa nini hakuna aliyepinga. Jibu ni la kitaalamu. Kila mmoja wetu alijua kwamba mtu atakayesema "tuliache pazia" ataulizwa pazia linamhusu nini. Kwa hiyo kila mmoja alisubiri mwenzake apinge. Bi Mutoni alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama dirishani, kuelekea mgombani, kwa muda usio wa kawaida. Nikainua mkono wangu kwanza, nisije nikaonekana nimechelewa. Azimio likapita kwa kauli moja na kwa sauti ya chini sana.

"Demokrasia," alisema Mwenyekiti, na akaomba maji.

Ijumaa ilipofika watu walijaa barabarani. Tulikodi hema na kipaza sauti. Wamotari waliacha abiria, wanawake wanaovuka daraja la Rusizi ya Pili kila asubuhi na beseni zao walisimama na beseni vichwani, Ridhwani alifunga duka. Mzee Cubaka alikuja na kiti chake mwenyewe. Jules tu ndiye hakuonekana, ingawa cheti chake cha Daraja la Kwanza kilikuwa tayari mkononi mwa Bi Mutoni.

Mwenyekiti alihutubia. Alisema uwazi ni nguzo. Alisema mlaji asiye na la kuficha haogopi kuonekana. Alisema taifa linalotafuna pamoja husonga pamoja. Kisha akampa Maman Nsimire ishara.

Yule mama hakutaka kusaidiwa. Alipanda kigoda, akafungua pazia kulia, akalifungua kushoto, akashuka nalo mikononi, akalikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo za mtu aliyesafiri. Niliona macho yake yamelowa, na nikageuza yangu. Halafu akavuta na vile vitenge, kimoja baada ya kingine.

Kwenye kijumba cha mwisho alikuwa amekaa Jules. Alikuwa ameinama juu ya sahani, tonge la bugali limefika nusu ya njia, vidole vya kijani hadi kwenye maungio, na sambaza mmoja ametokeza mkia pembeni ya mdomo wake.

Barabara nzima ilinyoosha shingo. Kipaza sauti kiliacha kukoroma.

"Jules," alisema Mzee Cubaka kwa upole, "kwako banafunga saa hizi?"

Jules alimeza. Ilichukua muda, maana mkia nao ulitaka kuingia. "Niko... niko nafanya utafiti juu ya soko," alisema.

Mwenyekiti hakupoteza hata nukta. "Ziara ya mafunzo!" alitangaza kwenye kipaza sauti. "Tumpigie makofi!"

Watu walimpigia Jules makofi ambayo sijawahi kusikia mtu mwenye njaa akipigiwa, wala mwenye shibe. Bi Mutoni alikiangalia kile cheti, akakikunja, akajipepea nacho.

Sherehe ikawa imekwisha. Kwa kawaida, sherehe zetu zikiisha, kila mmoja hutawanyika kwa kasi kwenda kwenye fotokopi zake na mitaro yake. Siku hiyo hakuna aliyekwenda popote. Tulisimama juani, sisi watatu, tukikitazama chumba kile kilichokuwa wazi kama uwanja wa mpira. Ndipo tulipoelewa tulichofanya, ingawa hatukukipa jina.

Jambo la pili hatukulitarajia kabisa. Watu waliingia. Motari mmoja alichungulia, akauliza, "Kumbe hapa hata sisi tunakaaka?" Maman Nsimire akamwambia, "Kaa, mutoto wangu." Akakaa. Nyuma yake wakaingia wengine kumi, halafu wanawake wa daraja wakatua beseni zao na kuingia, wakaagiza kwa sauti, wakasogezana kwenye benchi, wakavuta na vigoda vya vile vijumba. Mzee Cubaka akaingiza kiti chake. Pale ambapo miaka yote walikula waheshimiwa wachache kwa kunong'ona, sasa kulikuwa na kelele kama za arusi. Maman Nsimire alikuwa akipakua kwa mikono miwili, uso umefunguka, na nilimsikia akicheka, kitu ambacho nyuma ya pazia sikuwahi kukisikia.

Sisi tulikuwa nje na njaa yetu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini hawasemi chochote kuhusu mwenye njaa anayelazimika kujifanya ameshiba. Bi Mutoni aliegemea nguzo ya hema. Mwenyekiti alitaka kusema kitu kuhusu mafanikio ya zoezi, akasahau katikati. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mwishowe alijongea mlangoni kama mtu anayekagua fremu.

"Mama," alisema chini chini, "hakuna kona?"

"Kona ziko, Nyakubahwa. Rido njo haiko."

"Na kama ungelirudisha kwa muda? Kwa dharura?"

"Mulisema nikiirudisha munafunga."

"Tulisema," alikubali. Alikuwa ameshika ubao wa mlango. "Kwa Jules siwezi kwenda," aliongeza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ofisini. "Nimekwisha kuonja kwa Jules. Kwenye ubatizo. Na hapa, mbele ya watu hawa... Mama, baba yangu..."

Hakumaliza. Maman Nsimire alimtazama. Nilidhani atamcheka, na alikuwa na haki zote za kumcheka. Badala yake uso wake ulilainika, kama wa mtu anayemwona mtoto wa jirani amenyeshewa.

"Munanipa ruhusa niseme?" alimwuliza.

Mwenyekiti aliinamisha kichwa.

Maman Nsimire alipiga mwiko kwenye sufuria. "Batu yangu!" alisema. "Président iko na njaa, na kwabo habakulaka mbele ya macho. Si makosa yake, ni malezi. Mugeuke kidogo, akule."

Hapo nilitarajia fujo. Niliwaza hata kuita askari. Lakini watu wa Karambira walitazamana, na motari mmoja akasema, "Kweli rwose, njaa ni njaa," akageuza kigoda chake kuelekea ukutani. Mwanamke mmoja wa daraja akageuka na sahani yake mapajani. Mzee Cubaka akainua kiti, akakizungusha, akakaa. Muda si muda chumba kizima kilikuwa kimetazama ukuta, migongo imepangana kuanzia benchi hadi jikoni, na hakuna hata mmoja aliyetafuna, ili wasimwaibishe kwa kumsindikiza.

Mwenyekiti aliingia. Alikaa katikati ya migongo ile. Maman Nsimire akamwekea sahani bila kumwuliza anataka nini, na ilikuwa ile hasa aliyoitaka.

Alianza polepole, kwa hadhi. Lakini bugali ilikuwa ya moto, na sombe ilikuwa na mawese ya kutosha, na mtu huyo hakuwa amekula tangu asubuhi. Tulisikia tonge la kwanza. Tulisikia la pili likilifukuza la kwanza. Tulisikia sambaza wakivunjika, vidole vikilambwa, pua ikivuta kwa sababu ya pilipili. Kisha tukasikia sahani ikikwanguliwa hadi mwisho, na baada ya hapo, wazi kabisa, kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba dunia ina watu wengine, Mwenyekiti wa Tume akasema:

"Ongeza."

Hakuna aliyegeuka. Ila Mzee Cubaka, akiwa bado ameutazama ukuta, aliinua kidole.

"Katibu," alisema, "andika. Ofisi imetoa maoni."

Nilisita. Lakini mzee alikuwa sahihi kisheria. Tangu Tume iundwe, hilo lilikuwa neno la kwanza kuhusu chakula kutamkwa na mjumbe mwenye chakula mdomoni, na neno la Mwenyekiti halina rufaa. Nikaandika: *Kuhusu mgahawa wa Maman Nsimire, maoni sahihi ni: Ongeza.* Nikapiga muhuri papo hapo, kwenye goti.

Niligundua kwamba mabega ya watu yalikuwa yakitikisika, ukuta hadi ukuta. Mwenyekiti naye aliona. Aliniuliza kwa wasiwasi, tonge mkononi, kama watu wale wanalia.

"Ndiyo, Bwana Mwenyekiti," nilimwambia. "Wameguswa."

"Hilo nalo liandike," alisema, na akaendelea.

Baada yake aliingia Bi Mutoni, na migongo ikabaki palepale. Yeye alikula kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa mandhari. Baada ya Bi Mutoni ilikuwa zamu yangu. Nilikaa pale katikati, mbele yangu nywele za watu na shingo za watu, nikala kama sijawahi kula, na sitaki kudanganya, nilikuwa na raha na nilikuwa na haya kwa wakati mmoja.

"Katibu," ilisikika sauti ya Mzee Cubaka kutoka ukutani, ya subira na ya heshima, "ofisi ingali haijashiba? Yetu inapoa."

Nilimjibu kwamba mchakato unaendelea vizuri, na nikamnyooshea Maman Nsimire sahani yangu.